Tippo Tip, mtu wa Kasongo aliyekufa Unguja

Katika teritware za Kasongo na Kabambare jina la Tippo Tip linajulikana hata na mtoto asiyesoma. Wazee wanalitajaka wakieleza ni kwa nini watu wa huku wanasema Kiswahili, ni kwa nini mchele unalimwa sana, ni kwa nini kuko msikiti karibu kila kijiji. Wazee wengine wanalitaja na kunyamaza, juu babu zao walifungwa kamba shingoni na kupelekwa upande wa Tanganyika, hawakurudi tena. Jina moja, na habari mbili. Lakini ukiuliza huyu mtu alizaliwa wapi, alifika Maniema namna gani, na alikuwa wapi siku Kasongo ilipoanguka, wengi wanachanganya. Kuko wanaosema alikufa vitani. Kuko wanaosema aliuawa na Wabeleji. Hapana, hakufa vitani, na siku Kasongo inaanguka yeye hakuwa hapa.

Jina lake kamili ni Hamed bin Muhammed bin Juma el Murjebi. Alizaliwa kisiwani Unguja karibu na mwaka wa 1837. Baba yake, Muhammed bin Juma, alikuwa mfanyabiashara aliyekaa Tabora, katika nchi ya Wanyamwezi, na huko alioa Karunde, binti wa mtemi Fundikira. Mama yake Hamed alikuwa Mwarabu wa ukoo wa Maskati. Lakini kwa rangi Hamed alikuwa mweusi, na wazungu waliokutana naye baadaye walishangaa. Walitazamia kuona Mwarabu wa picha za vitabu, wakaona mtu mrefu, mweusi, mwenye ndevu, kanzu nyeupe safi kabisa, adabu ya mtu wa ikulu, na macho yanayopepesa kila wakati.

Macho hayo ndiyo wengine wanasema yalimpatia jina. Yeye mwenyewe alieleza namna nyingine: kwamba jina lilitoka kwa watu waliokimbia mbele ya bunduki zake, wakiiga mlio wake, tip-tip, tip-tip. Maelezo yote mawili yako, na kila mtu anachukua lile analolipenda. Ni wazi kwamba yeye alilipenda la bunduki.

Alianza safari ndogo ndogo za biashara akiwa mtoto wa miaka 12. Alipofikia 18 baba yake akamchukua bara, Tabora, kisha Ujiji, kisha ng'ambo ya Tanganyika. Kazi ilikuwa moja: pembe za tembo. Kwa wakati ule Ulaya na Amerika walitaka pembe kwa kutengeneza vifungo vya piano, mipira ya biliari, vitana na mipini ya visu. Bei ilipanda Unguja, na tembo wa karibu na pwani walikuwa wameisha. Kwa hiyo kila mwaka misafara iliingia ndani zaidi. Mfanyabiashara alikopa mali kwa Wahindi wa Unguja, hasa kwa tajiri mmoja mkubwa aliyeitwa Taria Topan: vitambaa vya merikani na kaniki, ushanga, nyaya za shaba, baruti na bunduki. Aliondoka na deni. Akirudi bila pembe, ameisha. Deni hilo linaeleza mambo mingi ya ukali wa misafara, ingawa halitoshi kuyasamehe.

Mwaka wa 1867 Hamed alifika kwa chifu Nsama wa Itabwa, upande wa kusini-magharibi ya Tanganyika. Nsama alikuwa mzee anayeogopwa, aliyekuwa amekwisha kufukuza na kunyang'anya wafanyabiashara wengine. Hamed aliitwa aje aone pembe, na huko kijijini mishale ikaanza kumiminika. Yeye mwenyewe alijeruhiwa. Lakini watu wake walikuwa na bunduki zilizokwisha kujazwa, na umati ulikuwa umesongamana. Nsama akakimbia, kijiji kikachukuliwa na ghala zake zote za pembe. Kuanzia siku hiyo Hamed hakuwa tena mtoto wa mfanyabiashara wa Tabora. Alikuwa Tippo Tip. Katika mwezi wa saba wa mwaka huo huo alikutana na daktari David Livingstone, Mwingereza aliyekuwa anazunguka peke yake na watu wachache, bila mali ya kutosha. Tippo Tip alimpa vitambaa, chakula na watu wa kumwonyesha njia. Livingstone, aliyekuja Afrika akipigana kwa maneno na biashara ya watumwa, aliishi miaka mingi kwa msaada wa wafanyabiashara hao hao. Hata Kabambare, alipolala miezi mingi na vidonda vya miguu mwaka wa 1870, aliishi katikati ya watu wa misafara.

Safari kubwa ya Tippo Tip, ile iliyomleta kwetu, ilianza karibu mwaka wa 1870 na ikachukua miaka 12. Alipita tena Itabwa, akaenda upande wa Kazembe, akapanda katika Urua ya Waluba, na kutoka huko akageuka kaskazini, upande wa Lomami. Na hapa iko hadithi ambayo wazee wa Kikusu na Kitetela wanaifahamu vizuri, tena yeye mwenyewe aliiandika bila haya.

Katika nchi ya Watetela alitawala chifu mzee aliyeitwa Kasongo Rushie. (Msichanganye na mji wa Kasongo wala na machifu wengine wa Uluba, jina Kasongo liko tele katika nchi hizi.) Tippo Tip alikuwa amesikia njiani kwamba miaka mingi nyuma ndugu wa kike wa chifu huyo walitekwa katika vita na kupelekwa Urua, hawakuonekana tena. Alichunguza majina, alichunguza habari, akazishika kichwani. Alipofika mpakani akajitangaza kwamba yeye ni mjukuu wa mmoja wa wanawake wale. Kwamba bibi yake alisimulia nchi hii na kumwambia siku moja arudi kwa watu wake. Mzee Kasongo Rushie alikuwa amechoka, na alikuwa na uchungu wa dada zake waliopotea. Aliamini. Alimpokea sawa mtoto wa nyumbani na kumwachia utawala. Pembe zote za nchi, ambazo kwa desturi zilikuwa za chifu, zikaanza kuletwa kwa mgeni.

Mtu anaweza kucheka akili ya Tippo Tip, na wengi wanaichekaka. Lakini ni vema kutazama ile hadithi upande wa mzee. Watu walikuwa wanapotea kila mwaka, wakichukuliwa na vita, na hakuna aliyerudi. Sasa anatokea mmoja anayesema, nimerudi. Uongo huo uliweza kukubaliwa tu katika nchi yenye familia nyingi zinazongojea mtu. Na mtu huyo huyo aliyepokelewa kama mjukuu aliongoza biashara iliyozidisha idadi ya wanaongojewa.

Mwaka wa 1874 Mwingereza mwingine, Verney Lovett Cameron, alifika Nyangwe, akakutana na Tippo Tip aliyekuja kutoka Lomami. Nyangwe wakati huo ilikuwa soko kubwa kuliko yote ya Lualaba. Ilianzishwa na watu wa pwani wakiongozwa na Dugumbi, na wanawake wa ng'ambo zote mbili za mto waliijaza siku za soko na samaki, mawese, chumvi, vyungu, kuku na mihogo. Lakini Nyangwe ilikuwa na doa. Tarehe 15 Julai 1871 watu wa Dugumbi walifyatua bunduki katikati ya soko, na Livingstone aliona kwa macho yake wanawake wakijitupa mtoni na kuzama. Wafanyabiashara wenyewe walihesabu waliokufa kuwa kati ya 330 na 400. Tippo Tip hakuwako siku hiyo, na hakuna anayemlaumu kwa tendo hilo. Lakini mto ulikuwa umekwisha kujifunza bunduki maana yake nini.

Yeye hakukaa Nyangwe. Kutoka 1875 alichagua Kasongo, ambako ndugu yake wa ukoo Muhammed bin Said, aliyeitwa Bwana Nzige, alikuwa tayari katika eneo hilo. Mahali palikuwa pazuri: udongo mweusi, maji, si mbali na Lualaba, na njia ya kwenda Kabambare na Ujiji ilikuwa wazi. Kasongo hiyo ya zamani haikuwa pale mji ulipo leo. Ilikuwa pahali panapoitwa Tongoni, na jina lenyewe linajieleza kwa yeyote anayejua tongo ni nini.

Mji ulikua haraka. Mashamba ya mchele yalifunguliwa, na mchele ukawa chakula cha misafara. Ililetwa miti ya pwani: machungwa, mapera, makomamanga. Nyumba za udongo zenye baraza na ua wa ndani zilijengwa, na milango ya kuchongwa. Watu wa kabila zote walijikuta pamoja: Wakusu, Wazimba, Wabangubangu, Wasongola, Wagenya wa mtoni, Wanyamwezi wapagazi, watu wa pwani. Lugha ya kuwasikilizanisha ilikuwa Kiswahili, na kutoka hapo kikazaliwa Kingwana tunachosema leo. Mungwana maana yake ni mtu huru. Ajabu ni kwamba wengi wa Wangwana wa Maniema walianza maisha yao kama mateka. Mtoto aliyechukuliwa katika kijiji kilichochomwa alikulia katika ua wa mkubwa fulani, akapewa jina la Kiislamu, akapewa bunduki, na kesho yeye ndiye aliyekwenda kuchoma kijiji kingine.

Mfano ulio wazi ni Ngongo Lutete. Alitekwa akiwa mdogo, akaonyesha ushujaa, akapanda mpaka kuwa mkubwa wa Tippo Tip upande wa Lomami, mwenye mji wake Ngandu na maelfu ya watu wenye bunduki. Tutamkuta tena.

Mwezi wa kumi 1876 Henry Morton Stanley alifika Kasongo. Alitaka kufuata Lualaba mpaka mwisho wake, jambo ambalo Livingstone na Cameron walishindwa, juu hakuna aliyekubali kuwakodisha mitumbwi na watu. Tippo Tip alisita. Ndugu zake walimwambia ni wazimu. Mwishoni kontra ikaandikwa: dola 5000 kwa kumsindikiza Stanley mwendo wa kambi 60. Waliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876, wakaingia msituni. Ndui na kuhara viliua watu, mishale iliruka kutoka ukingoni, na mwisho wa Desemba Tippo Tip akasema basi, akageuka. Stanley aliendelea na mto mpaka bahari ya magharibi. Juu ya malipo walibishana miaka mingi. Tippo Tip alilalamika mpaka uzeeni kwamba alipata kidogo kuliko alichoahidiwa na kwamba zawadi aliyotumiwa ilikuwa picha ya Stanley mwenyewe.

Lakini hesabu kubwa haikuwa ya dola. Kwa kumsindikiza Stanley, Tippo Tip alisaidia kufungua mlango wa nyuma wa nchi yake. Mpaka hapo Maniema ilikuwa na njia moja tu, ya mashariki, na yeye ndiye aliyeishika. Baada ya safari ile, mfalme Leopold II wa Ubeleji alimwajiri Stanley, na katika miaka michache masua za moshi zilikuwa zinapanda Kongo kutoka magharibi.

Mwaka wa 1882 Tippo Tip alirudi Unguja kwa mara ya kwanza tangu 1870, na msafara mkubwa wa pembe. Wapagazi walikuwa watu wengi mno, na si wote walipanga kwenda. Njiani alipatana na Mirambo, mtemi aliyekuwa anapigana na Waarabu wa Tabora. Unguja, sultani Barghash alimpokea kwa heshima na kumtaka ashike Maniema kwa jina lake. Tippo Tip akarudi bara mwaka wa 1883, akisukuma watu wake mpaka kwenye maporomoko ya Stanley Falls, Kisangani ya leo. Huko walikuta wazungu wa Leopold wamekwisha kujenga posti. Mwaka wa 1885, baada ya mkutano wa Berlin, nchi yote ilihesabiwa kuwa ya Leopold, bila mtu wa Kasongo kuulizwa. Mwezi wa nane 1886 ugomvi ulitokea pale Falls juu ya mwanamke mtumwa aliyekimbilia posti. Waarabu wakaishambulia, na mzungu aliyeishika, Deane, akaiunguza na kukimbia.

Tippo Tip wakati huo alikuwa anashuka kwenda pwani. Alikuta sultani Barghash amechoka. Wadachi na Waingereza walikuwa wanagawana nchi zake mbele ya macho yake, na yeye hakuweza kumsaidia mtu wa mbali sawa Tippo Tip. Hapo ndipo ilikuja kontra ya pili, na hii ndiyo inayoleta mabishano hata leo. Tarehe 24 Februari 1887, huko Unguja, mbele ya Stanley na konsuli wa Uingereza, Tippo Tip alikubali kuwa liwali wa Stanley Falls kwa niaba ya Leopold. Mshahara: pauni 30 kwa mwezi. Masharti: kupandisha bendera ya Leta, kuzuia utekaji wa watumwa kushuka mto chini ya Falls, kukubali kuwa na ofisa wa kizungu kando yake. Biashara yake mwenyewe aliachiwa.

Waarabu wengi walimwona msaliti. Wengine walisema amenunua muda. Ukisoma mambo yaliyofuata, la pili linaonekana karibu zaidi na ukweli: alikuwa ameona Unguja namna bunduki kubwa za masua za Wazungu zinavyonyamazisha sultani, na alijua Kasongo haina kitu cha kujibu. Lakini kununua muda kuna bei yake, na aliyelipa si yeye.

Akapanda meli Madura pamoja na Stanley, wakazunguka Afrika yote kupitia Cape Town mpaka Banana, mdomoni mwa Kongo, kisha wakapanda mto. Katika mwezi wa sita 1887 alifika Falls kutoka upande wa magharibi. Mtu aliyekuwa ameingia nchi hii kwa miguu kutoka mashariki sasa alishuka kutoka masua. Alikuwa ameahidi pia wapagazi 600 kwa safari ya Stanley ya kumtafuta Emin Pasha. Walichelewa, baruti iliyoahidiwa haikuja, yeye alisema, na watu wake walikataa msitu ule. Zaidi ya mwaka ulipita kabla ya watu kama 400 kutoka, na mwezi wa saba 1888 ofisa Barttelot, aliyewaongoza kwa ukali, alipigwa risasi na mtu mmoja wa Maniema. Muuaji alihukumiwa na kuuawa pale Falls. Stanley aliporudi pwani alimtupia Tippo Tip lawama yote na kumfungulia mashitaka ya pauni 10,000 katika tribinali ya Unguja. Ni juu ya mashitaka hayo kwamba Tippo Tip aliondoka Falls mwaka wa 1890, akapita Kasongo, akaaga, akashika njia ya Kabambare na Ujiji. Kesi ilikuja kuachwa. Yeye alifika Unguja mwezi wa saba 1891, na Maniema hakuiona tena.

Nyuma yake alibakiza watu watatu. Rashid, mtoto wa Bwana Nzige, kule Falls. Ngongo Lutete kule Lomami. Na mtoto wake mwenyewe, Sefu bin Hamed, pale Kasongo.

Mambo yaliharibika haraka. Leta ilianza kuchukua pembe zote kuwa zake, na wafanyabiashara wakaona wanamalizwa bila vita. Mwezi wa tano 1892 Hodister na wenzake wa kampuni moja ya Kibeleji waliuawa upande wa Riba-Riba. Mwaka huo huo Ngongo Lutete, aliyeshindwa mara kadhaa na askari wa Leta na asiyeona faida tena ya kumtolea Sefu pembe, alihama na kujiunga na ofisa Francis Dhanis. Sefu alidai arudishiwe Ngongo, kama mtu anavyodai mali yake. Hakupewa. Kasongo walikuwako wazungu wawili wa Leta, Lippens na msaidizi wake De Bruyne, na Sefu aliwashika. De Bruyne aliletwa mpaka kwenye Lomami azungumze na wenzake kutoka ng'ambo ya mto. Angeweza kujitupa majini na kuogelea, lakini alikataa kumwacha Lippens mgonjwa Kasongo. Mwezi wa kumi na mbili 1892 wote wawili waliuawa. Mji wa Blankenberge, pwani ya Ubeleji, uliwajengea sanamu.

Dhanis akavuka Lomami pamoja na maelfu ya watu wa Ngongo. Mwinyi Mohara wa Nyangwe aliuawa mwezi wa kwanza 1893. Jeshi likasimama kwenye Lualaba likitazama Nyangwe ng'ambo, bila namna ya kuvuka, mpaka Wagenya walipoleta mitumbwi yao. Wagenya walikuwa wamevusha Waarabu miaka mingi, na hawakuwa wamesahau soko la 1871. Nyangwe ilichukuliwa tarehe 4 Machi 1893. Kasongo tarehe 22 Aprili.

Daktari wa jeshi, Mwingereza Hinde, aliandika walichokikuta. Askari waliokuwa wamelala chini miezi mingi walilala juu ya magodoro ya hariri. Walikuta mishumaa, sukari, viberiti, vikombe vya fedha, vyombo vya kioo, bustani zenye matunda, na mashamba ya mchele na mahindi yanayoendelea mbali. Wakubwa wa mji walikuwa wamekimbia ghafula, chakula kingine kingali jikoni. Kati ya vitu vilivyopatikana zilikuwako karatasi za Emin Pasha, aliyeuawa msituni mwezi wa kumi 1892.

Sefu alikufa katika mapigano mwezi wa kumi 1893. Mwezi mmoja kabla, tarehe 15 Septemba, maofisa wa Leta walimpiga risasi Ngongo Lutete huko Ngandu kwa shitaka la usaliti ambalo hata wazungu wenzao walilishuku. Hasira ya askari wake Watetela ilikuwa moja ya sababu za uasi wa Luluabourg wa 1895. Rumaliza wa Ujiji, yaani Muhammed bin Khalfan, mshirika wa zamani wa Tippo Tip, alijaribu kuokoa lililobaki, lakini Kabambare ilianguka mwezi wa kwanza 1894 na yeye akakimbilia upande wa Wadachi.

Dhanis alipewa cheo cha baron. Vita ilitangazwa Ulaya kuwa vita ya kumaliza utumwa, na ni kweli kwamba misafara ya mateka kwenda Tanganyika ilikatika. Lakini mateka waliokombolewa wengi waliingizwa jeshini au katika kazi za posti, pembe ziliendelea kutoka, safari hii kwa upande wa magharibi, na mpira ukafuata. Watoto wa Wangwana walibaki na jina la Waarabizé, watu wa kutazamwa kwa mashaka, na kwa miaka mingi shule na kazi za serikali ziliwapita pembeni.

Unguja, Tippo Tip alikuwa anapokea habari hizi moja moja, kwa barua na kwa wasafiri. Mtoto amekufa, mji umekwenda, pembe zilizoachwa ghalani zimechukuliwa. Hata Rumaliza alimgeukia na kumpeleka kortini juu ya mali. Lakini hakufa maskini: alikuwa na mashamba saba ya karafuu na minazi, na ilisemwa ana watumwa wapatao 10,000, mpaka sheria ya 1897 ilipoondoa utumwa kisiwani.

Katika miaka ile ya kukaa, Mdachi mmoja, Heinrich Brode, alimsukuma aandike maisha yake. Aliyaandika kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, na yakachapishwa Berlin mwaka wa 1902 na 1903. Ni kati ya vitabu vya kwanza kabisa ambamo Mswahili anasimulia maisha yake mwenyewe. Ni kitabu cha mtu wa hesabu. Pembe zinatajwa kwa frasila, deni kwa riali, vita kwa bunduki. Watu waliobeba zile frasila kutoka Kasongo mpaka pwani, kila moja karibu kilo 16, hawana hesabu wala majina, na wale walioanguka kati ya Kabambare na ziwa hawamo. Kwa familia za hapa, kurasa hizo zinazokosekana ndizo zingekuwa za maana kuliko zote.

Alikufa kwa malaria mwezi wa sita 1905, akiwa na miaka karibu 68, akazikwa kule kule Unguja. Nyumba yake iko bado katika mtaa wa Shangani: mlango mzito wa kuchongwa, na ngazi ya mbele yenye vigae vyeusi na vyeupe. Familia zinaishi ndani, nguo zinaanikwa, na watalii wanasimama nje wanapiga picha za mlango.

Sefu alizikwa huku.